Dakika 10 za Kibirizi

Tangu mwezi jana, kabla sijafungua duka hapa Mwanga, Kigoma, nateremka kwanza ufukweni Kibirizi. Kinamama wanakuwa wanaanika dagaa. Nakaa pembeni, macho kwenye Ziwa Tanganyika, navuta pumzi nikihesabu hadi 4, naitoa taratibu hadi 6. Hiyo ya kutoa ndiyo yenyewe: ikiwa ndefu, mapigo ya moyo yanatulia. Mawazo ya marejesho na ada za watoto yanakuja, siyafukuzi, narudi tu kwenye pumzi. Mwanzoni hata dakika 2 zilinishinda, jamani. Madeni bado yapo. Ila jana mteja kanifokea mbele za watu, nikajikuta nahesabu hadi 6, nikamjibu kwa upole. Usiku nimelala mpaka adhana ya alfajiri.