Nilivyopata malipo ya ulemavu Marekani baada ya saratani ya utumbo

Kwenye vijiwe vyetu huku Marekani kuna imani kwamba daktari akishakuambia una saratani, serikali inaanza kukulipa. Haiko hivyo, na wanaoamini hivyo huishia kujaza fomu harakaharaka kisha wakabaki wanashangaa majibu. Naandika kwa sababu simu za "kaka, wewe ulifanyaje?" zimekuwa nyingi.

Mimi ni mtu wa Tanga, dereva wa trela, nilikuja kwa bahati nasibu ya Green Card. Machi 2024, nikiwa na miaka 52, nilifanyiwa upasuaji wa utumbo mpana. Uvimbe ulitolewa wote, lakini baadhi ya tezi za jirani zilikutwa na saratani, yaani hatua ya tatu. Nikaanzishiwa kemo, yaani dawa za kuua saratani, kila baada ya wiki mbili. Bosi wangu alikuwa muungwana, ila trela haliendeshwi kwa huruma.

Cha kwanza kujua ni kwamba Social Security, yaani idara ya hifadhi ya jamii ya serikali ya Marekani, ina malipo ya aina mbili ya ulemavu, na watu wanayachanganya. Kuna SSDI, ambayo ni bima uliyoilipia mwenyewe kwa makato ya mshahara: asilimia 6.2 yako na asilimia 6.2 ya mwajiri. Kuna SSI, ya watu wenye kipato kidogo sana, na hiyo ina masharti makali kwa sisi wageni. SSDI inahesabu pointi za kazi. Mwaka mmoja hautoi zaidi ya pointi 4. Kwa miaka yangu 52 zilitakiwa 30, na 20 kati ya hizo ziwe za miaka 10 ya mwisho. Mimi nilikuwa nazo kwa sababu miaka yote niliendesha gari la kampuni, makato yakienda moja kwa moja.

Hapo ndipo wenzangu wenye malori yao wanapoumia. Wanalipwa bila makato, ikifika msimu wa kodi wanaorodhesha matumizi mpaka faida inabaki karibu na sifuri, wanafurahi kwamba wamelipa kidogo. Faida isipoonekana, pointi nazo hazionekani. Siku ukiugua unakuta kitabu chako ni kitupu. Na usitegemee michango ya NSSF ya nyumbani: Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kujumlisha michango, kwa hiyo safari zangu zote za Dar hadi Tunduma hazikunisaidia kitu huku.

Jambo jingine la kijamii. Watu wa Tanga walipounda kikundi cha WhatsApp wakanichangia, mmoja alinionya kwamba nikipokea nitanyimwa malipo. Hilo ni la SSI, ambayo haitaki uwe na akiba inayozidi dola 2,000. SSDI haiulizi una nini benki. Nilipokea mchango wa ndugu zangu kwa mikono miwili.

Sasa kuhusu ugonjwa wenyewe. Tangu 2008 Social Security wana orodha ya magonjwa ambayo maombi yake hupitishwa upesi: saratani ya kongosho, ya umio, lukemia kali, na nyingine nyingi, hasa zile zilizosambaa mbali au zisizoweza kukatwa. Ya kwangu ilikatwa ikaisha, kwa hiyo haikuingia humo. Ikabidi nipite njia ndefu, ambayo swali lake ni moja: je, hali hii inakuzuia kufanya kazi ya maana kwa muda usiopungua miezi 12 mfululizo? Kwa 2024 kazi ya maana ilikuwa ile ya kukuingizia zaidi ya dola 1,550 kwa mwezi.

Piga hesabu uone. Upasuaji, kupona, kisha kemo ya miezi sita. Haifiki miezi 12. Barua ya kwanza ikasema hivyohivyo: ni mgonjwa, lakini hatutarajii awe hivi mwaka mzima. Sikukasirika. Kwa karatasi walizokuwa nazo mezani, hata mimi ningekataa. Wengi hukataliwa mara ya kwanza, na kosa kubwa ni kuanza ombi jipya badala ya kukata rufaa. Una siku 60 za kuomba ombi lilelile liangaliwe upya. Ukiziacha zipite unaweza kupoteza miezi ya malipo ya nyuma.

Nikakata rufaa, na kilichobadilisha mambo ni ganzi. Katika dawa zangu ilikuwamo oksaliplatini, na hiyo inashika mishipa ya fahamu. Mwanzoni ilikuwa baridi tu: nikigusa katoni ya maziwa kwenye friji vidole vinachoma kama nimeshika waya wa umeme. Kemo ilipokwisha baridi ikapungua, ganzi ikabaki. Vifungo vya shati ananifunga mke wangu. Sarafu mfukoni siwezi kuitofautisha na funguo mpaka niitoe niitazame. Na miguu: siku moja nilikaa kwenye kiti cha gari la nyumbani, injini imezimwa, nikakanyaga breki nikiwa nimefumba macho. Sikujua kama nimeikanyaga nusu au yote. Dereva wa tani 36 asiyejua mguu wake uko wapi hana biashara barabarani.

Lakini yote hayo hayakuwa kwenye faili langu la hospitali. Faili lilisema "anaendelea vizuri, anavumilia dawa." Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu. Daktari akiuliza hali, mimi namjibu nashukuru Mungu, siku zinakwenda. Ndivyo tulivyolelewa, mtu mzima hamwagi shida zake mlangoni. Muuguzi mmoja Mkenya alinisikia, akasubiri daktari atoke, akaniambia, "Mzee wangu, hapo hujasalimiwa, umeulizwa dalili. Asichokiandika leo hakipo."

Tangu hapo kila nikienda nilikuwa na karatasi: nilichoangusha wiki hii, nilipojikwaa, ngazi nilizopanda kwa kushika ukuta. Daktari akaniandikia kipimo cha mishipa ya fahamu, na majibu yakaonyesha kilichokuwa kinasemwa na vidole. Nikamwomba barua, lakini si ya kusema "mgonjwa wangu hawezi kufanya kazi", maana uamuzi huo si wake na hawaupi uzito. Nilimwomba aandike naweza kusimama muda gani, kubeba kilo ngapi, kushika vitu vidogo kwa kiasi gani, na kwa nini haitarajiwi kuisha karibuni. Barua ya namna hiyo ina thamani kuliko kurasa nyingi za vipimo vya damu.

Fomu ya SSA-3373 inataka siku yako kuanzia kuamka hadi kulala. Nilijaza kwa ukweli wa siku ya kawaida, si ya Idi. "Napika" niliiandika "nachemsha chai, kisu sishiki." Usiongeze chumvi, wanalinganisha na faili. Ila usijipunguze pia.

Umri nao ulinibeba. Ukifika 50 jedwali lao la kuamua nani bado anaweza kufanya kazi linalegea kidogo. Wanauliza: akibakiwa na kazi za kukaa tu, je, ujuzi wake wa zamani unahamia huko? Ujuzi wa kurudisha trela nyuma kwenye geti jembamba hauhamii ofisini. Kijana wa miaka 35 mwenye ganzi kama yangu angekuwa na kibarua kizito zaidi.

Wakili sikuchukua kwa hatua hiyo, ingawa kama ingefika mbele ya jaji ningechukua. Kwa utaratibu wa kawaida halipwi mpaka ushinde: asilimia 25 ya malipo ya nyuma, na ina kikomo, ambacho mwishoni mwa Novemba 2024 kilipandishwa kuwa dola 9,200. Anayekudai pesa ya kujaza fomu mwanzoni, mkimbie. Na wazazi wetu wa Kongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambao Kiingereza bado kizito, waombe mkalimani wa Kiswahili. Social Security wanamtoa bure. Msimtume mtoto wa darasa la sita akatafsiri kinyesi na damu za baba yake.

Ombi likakubaliwa 2025. Hawalipi miezi mitano kamili ya kwanza. Niliacha kazi katikati ya Machi, kwa hiyo Aprili hadi Agosti zikaliwa na sheria, malipo yakahesabiwa kuanzia Septemba 2024. Medicare, bima ya afya ya serikali, inakuja miezi 24 baada ya hapo. Katikati nimeishi kwa Medicaid ya jimbo, yaani bima ya afya ya wenye kipato kidogo, na usingoje SSDI ndipo uiombe, ni milango tofauti. Watoto walio chini ya miaka 18 nao wana haki yao juu ya rekodi yako, ndani ya kikomo cha familia. Wa kwangu wa mwisho alizaliwa Tanga, cheti chake cha kuzaliwa cha RITA kilitumwa kutoka nyumbani kwa mkono wa msafiri.

Kesi yangu itapitiwa tena baadaye. Juzi jamaa mmoja ameniomba nimsaidie kuwapangia madereva wake mizigo kwa simu, saa chache kwa wiki. Sheria inaruhusu kujaribu kazi: kwa 2025 mwezi ulioingiza zaidi ya dola 1,160 ulihesabiwa kuwa mwezi wa majaribio, nawe una miezi tisa ya hivyo kabla hawajaanza kukupima upya. Nimemwambia aniandikie kwanza atanilipa kiasi gani, niwapigie Social Security kabla sijapokea hata senti.