Makala kwenye ukuta mweupe wa hoteli

Kwanza nieleze neno. Huku Lubumbashi, kusini mwa Kongo, mkaa tunauita makala. Kwa hiyo nikisema nilipeleka makala hotelini, msifikiri nilipeleka gazeti. Nilipeleka unga mweusi uliosagwa kwenye jiwe, ukachanganywa na gundi, ukapakwa juu ya kitambaa cha amerikani chenye upana wa sentimita 100 na kimo cha 80. Asubuhi ile nilipoifikisha picha mapokezi, nusu ya kivuli cha baiskeli ikabaki kwenye kiganja cha dada aliyeipokea. Akanitazama mimi, akatazama mkono wake, akatazama kaunta yao nyeupe pe.

"Mama, ii kintu iko inatoka."

Mimi ni mchoraji wa mabango. Kazi nimeirithi kwa baba, mtaani Katuba, kwenye baraza ya nyumba yetu: saluni, duka la dawa, garaji, baa, "Ni marufuku kukojoa hapa". Bango lina sheria mbili tu. Herufi zisomeke kutoka ng'ambo ya barabara, na mteja alipe nusu kabla hujafungua kopo. Picha za kutundika nyumbani nazo huwa nachora, nazianika nje, mpita njia akipenda anapunguza bei mpaka nachoka, ananunua. Mashindano sikuwahi kuingia hata siku moja. Mpwa wangu anayesoma chuo kikuu ndiye aliyenionyesha tangazo kwenye simu yake, mwanzoni mwa Septemba. Hoteli moja ya katikati ya mji ilikuwa imekarabati korido zake, ikataka picha za wasanii wa hapa hapa. Mada: asubuhi ya mji wetu. Picha 12 zitatundikwa, 3 zitapewa zawadi, mwisho wa kupokea ni katikati ya Oktoba.

Nikamwambia hoteli ile naijua kwa nje tu. Akasema, "Basi, shangazi, hii ndiyo njia ya kuingia ndani."

Nilijua wenzangu watachora nini. Watachora bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba pembeni yake, na mijakaranda ya Oktoba mbele. Siwalaumu, ndiyo alama ya mji, hata mtoto wa darasa la kwanza anaichora. Mzee mmoja wa Kenya (mtaa wa hapa mjini, si nchi) aliamua kupeleka mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki ambaye wachoraji wa kwetu wamemuuza sebuleni mwa watu tangu zamani. Nikamuuliza, mzee, asubuhi iko wapi hapo? Akaongeza jua nyuma ya kichwa chake, akaniambia imeingia.

Mimi nikachagua makala. Saa kumi na moja alfajiri, simama kwenye barabara ya Kasenga, utawaona wanaingia mjini: baiskeli ndefu kwa magunia, matatu au manne, na mtu anayesukuma kutoka pembeni kwa sababu nafasi ya kukaa haipo. Wametembea usiku kucha kutoka msituni. Kila sufuria ya bukari (ugali) ya mji huu inawategemea, hata kwenye nyumba zenye umeme, maana umeme wa kwetu ni mgeni asiyeaga akiondoka. Nilikwenda asubuhi tatu na daftari la shule. Siku ya tatu mmoja akakubali nimchore akiwa anapumzika, kwa sharti ninunue gunia zima. Akanitajia bei ya mzungu, nikalipa.

Gunia lilipofika nyumbani ndipo wazo likanijia: kwa nini ninunue rangi nyeusi dukani na rangi yenyewe imelala jikoni?

Baba alipenda kutuhadithia habari za Hangar, karakana ya wachoraji, kana kwamba alikuwepo, ingawa aliijua kwa kusimuliwa tu. Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, aliifungua hapa mwaka 1946, mji ukiitwa bado Elisabethville. Vijana wake hakutaka waige Wazungu. Kila mmoja akapata mkono wake: Pilipili Mulongoy na samaki na ndege zake, Mwenze Kibwanga na vistari vyake vilivyopangwa kama ukindu wa mkeka, Bela aliyepaka kwa ncha za vidole. Huyo Bela ndiye niliyemfikiria nilipoweka brashi chini. Makala ukiyapaka kwa brashi yanakuwa matope. Ukiyagonga kwa kidole yanakaa juu ya kitambaa kama usiku wenyewe.

Kitambaa nilikifunga kwenye fremu ya mbao kwa misumari midogo, nikianza katikati ya kila upande na kumalizia pembeni, la sivyo kinapinda. Nikapaka gundi ya mbao iliyolegezwa kwa maji, kisha rangi nyeupe ya ukutani mara tatu, na msasa kati ya mara na mara. Mbingu nikaifanya kwa akriliki, rangi ya maji. Nilikuwa na robo kopo ya rangi ya mafuta ya garaji, nikaona niitumie kwanza chini ili kubana matumizi. Ningejua! Mafuta juu ya maji yanakubali, maji juu ya mafuta yanakataa. Siku ya pili mbingu yangu ilikuwa inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Nikakwangua yote, nikaanza upya. Barabara nikaichora kwa udongo mwekundu wa uani kwetu, nikauchekecha kwa soksi ya nailoni hadi ukawa laini kama poda. Makala nikayachekecha vivyo hivyo. Na hapo ndipo nilipokosea kosa lile la mapokezi: niliweka gundi kidogo mno. Nilitaka weusi usiong'aa, weusi wa kunyonya macho, na gundi nyingi inauletea mng'ao wa viatu vya polisi.

Mpaka hapo nilikuwa nimetumia dola 44, fundi wa mbao na teksi zote ndani yake. Nikadhani kazi imekwisha.

Kazi ilikuwa karatasi. Walitaka maelezo ya picha kwa Kifaransa, maneno 150. Mpwa wangu akakaa dakika kumi, akaniletea ukurasa unaosema msanii anahoji uhusiano kati ya mwili na nafasi ya mjini. Nikamuuliza ni msanii gani huyo, nimtembelee. Tukagombana kidogo. Usiku nikamkumbuka Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi hii miaka ya 1970, picha mia na kitu, juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Yeye alipompelekea mtafiti Johannes Fabian picha zile, alimsimulia moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha hapa Lubumbashi, na masimulizi yale yakarekodiwa. Hakusubiri mtu wa kumtafutia maneno. Asubuhi nikamwambia mpwa wangu afungue kinasa sauti cha simu, nikakaa mbele ya picha, nikasema kama ninavyomwambia jirani: "Huyu mtu hapandi baiskeli yake. Ameivuta usiku wote, na bado hajafika. Uso wake sikuuchora kwa sababu saa ile hauonekani, unaona meno tu akikusalimu. Weusi huu ni wa makala yake mwenyewe, niliyanunua kwake, na alinipunja." Mpwa wangu akaandika, akatafsiri bila kuongeza kitu, yakatoka maneno 138. Yale ya kunipunja alitaka kuyafuta. Nikakataa.

Kisha fomu. Kurasa mbili, na mimi nimezoea kusaini popote pale panapoonyeshwa kidole. Bahati nzuri nilikuwa nangoja rangi ikauke, sina kazi, nikaisoma. Kifungu cha sita kilisema kazi zote zitakazopokelewa zitakuwa mali ya hoteli, pamoja na haki ya kuzichapisha kwa namna yoyote bila malipo. Zote, siyo zile tatu za zawadi. Yaani nikishindwa, picha hairudi, na mwakani naiona kwenye kalenda yao.

Nikampigia mzee wa mamba muntu. Alikuwa ameshasaini. Nikawapigia wengine, tukafika saba, tukakutana barazani kwangu na chungu cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Wawili walitaka tuondoke kwenye mashindano kwa kelele, tuite na waandishi wa habari. Mimi nikasema twende na barua kwanza, kelele haziozi, tutazikuta. Mpwa wangu akatafuta sheria: ipo, ya tarehe 5 Aprili 1986, inayohusu haki za waandishi na wasanii, na inampa mwenye kuunda kazi haki ya kuamua nani ainakili na jina lake litajwe. Tukaiweka katika sentensi moja tu. Barua nzima haikuzidi nusu ukurasa. Tuliomba mambo matatu: zisizoshinda zirudishwe, zilizoshinda hoteli ichukue kitambaa chenyewe tu, na wakitaka kuchapa kadi au kalenda tuelewane kwanza na tulipwe.

Wawili ndio tuliokwenda, mimi na mzee, tumevaa nguo za kanisani. Mama wa mawasiliano wa hoteli alitupokea vizuri, akatupa maji. Alisoma barua, akaisoma fomu yake mwenyewe, akarudi kwenye kifungu cha sita mara ya pili. Akasema fomu waliichukua kwenye shindano la zamani la picha za kamera, wakabadilisha tarehe. Sijui kama ni kweli au ni namna ya kujitoa kwa heshima, na kwa kweli halikunihusu. Baada ya siku nne ikaja fomu mpya. Kadi na kalenda waliandika "kwa makubaliano", malipo hawakuyataja. Mzee akanung'unika; nikamwambia makubaliano ni mlango, tutaingia siku ikifika.

Mkifuata tangazo la namna hii, ichukueni fomu kabla hamjanunua hata msumari.

Basi, turudi mapokezi, mkono mweusi wa yule dada. Ilikuwa siku ya mwisho, saa nne na nusu, mlango unafungwa saa tisa. Akriliki ya kuongeza juu ingeharibu kila kitu, na vanishi ingeleta mng'ao. Nikaomba msamaha, nikafuta kaunta kwa kitenge changu, nikarudi Katuba kwa pikipiki, picha imeshikwa kama kioo. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama wa saluni, jirani yangu, ambaye bango lake nililichora mimi. Nikamwomba laki, ile ya kupuliza kwenye nywele ikishasukwa. Akauliza ni ya nani, nikamwonyesha baiskeli. Tulipuliza kwa mbali, urefu wa mkono mzima, ukungu mwembamba, tukangoja, tukapuliza tena, mara nne. Wateja wake chini ya vikaushio walikuwa wanatoa ushauri. Kidole kikipita, hakitoki na kitu. Picha ilinukia harusi, lakini saa nane na robo ilikuwa mezani kwa yule dada, naye akaipokea kwa ncha za vidole viwili.

Nilipata nafasi ya tatu. Ya kwanza ilikwenda kwa kijana wa Kamalondo aliyechora ndani ya teksi-basi, visogo vitupu na kioo kimoja kidogo chenye macho ya dereva. Nilipoiona nikaacha kulalamika. Mamba muntu hakushinda ila alirudishwa kwa mwenyewe akiwa salama, akauzwa wiki hiyo hiyo. Zawadi yangu ilikuwa dola 300, noti sita za hamsini, na moja ina mchaniko mdogo pembeni. Mnajua wabadilisha fedha wetu. Nilirudi nayo hotelini, wakanibadilishia bila maneno.

Desemba, mvua zimeshika, yule msukuma baiskeli akapita Katuba. Nikamsimamisha, nikamwonyesha picha yake kwenye simu. Aliikuza kwa vidole viwili, akaacha alama nyeusi juu ya kioo, akakaa kimya muda mrefu. Nilidhani ameguswa.

"Mama, huyu mutu ataangusha."

Kumbe kamba. Nilikuwa nimezungusha mpira juu ya magunia tu, kama mtu anayefunga zawadi. Akanionyesha kwenye yake: mpira wa tairi unapita chini ya karia, unakatana mgongoni, unarudi mbele hadi kwenye kijiti cha usukani. Bila hivyo, kwenye mteremko wa kwanza mzigo wote unaporomoka.

Nikampigia mama wa mawasiliano, nikamwomba nije niirekebishe kamba kwenye picha. Akacheka sana, kisha akauliza kama inaruhusiwa. Tukasoma mkataba pamoja kwenye simu. Hapakuwa na kifungu kinachohusu kamba.

Jumatatu nikapanda ghorofa ya pili na kikopo cha makala, gundi (ya kutosha safari hii) na laki ya mama wa saluni. Umeme ulikatika, jenereta ikawa inakohoa haijawaka. Mama wa usafi akaweka ndoo yake chini, akanimulikia kwa tochi ya simu. Nikapiga magoti, nikavuta mpira chini ya karia, nikaukatisha mgongoni, nikapuliza. Akapiga chafya mbili, akainama karibu kuangalia.

"Na kule mbele je?" akauliza. "Haujafika kwenye kijiti."

Nikachovya kidole tena.