Nyuma ya Colosseum, kwenye kambi ya kaizari

Ukishuka kituo cha metro cha Colosseo, Roma, umati wote unaelekea foleni ya tiketi. Mimi nilipiga picha zangu upesi, nikaupa kisogo Colosseum, uwanja wa kale wa maonyesho, na kushika barabara ya Via di San Giovanni in Laterano. Ni mwendo mfupi tu, unakuta shimo kubwa lenye uzio, unalitazama bure. Huko chini ndiko ilikokuwa Ludus Magnus, kambi kubwa kuliko zote jijini za mafunzo ya magladieta, yaani wapiganaji waliopigana mbele ya watazamaji.

Niliegemea uzio. Chini niliona ukuta wa matofali uliojipinda, nusu ya uwanja wa mazoezi, na kando yake safu ya vyumba vidogo vya wapiganaji. Nusu ya pili imelala chini ya barabara yenyewe. Magofu haya yalikuja kujulikana mwaka 1937. Njia ya chini kwa chini iliunganisha kambi na Colosseum.

Kwangu mimi, shimo hili linaeleza mengi kuliko lile jengo maarufu. Kambi ilianzishwa na Kaizari Domitian, na msimamizi wake aliteuliwa na kaizari. Lakini awali kambi kama hizi zilikuwa biashara ya watu binafsi. Iliishiaje ikulu? Kwanza, hofu. Mwaka 73 KK gladieta Spartacus na wenzake walitoroka kambi ya mtu binafsi huko Capua, wakaitikisa Italia. Miaka michache baadaye, mwaka 65 KK, mwanasiasa Julius Caesar alikusanya wapiganaji wengi mno hata wapinzani wake wakaharakisha kuweka kikomo cha idadi ambayo mtu angeweza kuwa nayo jijini.

Pili, siasa. Aliyewapa watu burudani alipendwa, na anayependwa hupata kura. Augustus, kaizari wa kwanza, alilijua hilo fika, maana mwaka 22 KK aliwabana mapreta, maafisa wa Roma walioandaa maonyesho: maonyesho mawili tu kwa mwaka, wapiganaji wasizidi 120, na kwa idhini ya Seneti. Yeye mwenyewe hakujibana hivyo, bila shaka!

Mkabala na magofu kuna mikahawa. Nikaketi na kahawa yangu, nikamkumbuka Commodus, kaizari aliyenogewa na mchezo hadi akaingia uwanjani mwenyewe. Mwanahistoria Cassius Dio, aliyeishi zama hizo, anasema Commodus alikuwa na chumba chake katika makazi ya magladieta, na alipanga kutokea humo tarehe 1 Januari 193 akiwa konsuli, cheo cha juu serikalini, amevaa kipiganaji. Usiku wa kuamkia siku hiyo watu wake wa karibu wakamnyonga.