Kiota cha buibui

Jumamosi mke wangu hufagia mpaka darini, mnamjua. Leo fagio refu kampa binti yetu, mie nikapewa kazi ya kushika ngazi. Mtoto kaondoa utando wa pembe zote, kafika juu ya mlango, kasimama.

"Baba, na hivi vyeupe vilivyoganda ukutani, nitoe?"

Vilikuwa viwili, bapa, vya mviringo, kama karatasi ya sigara iliyokatwa kwa kufuata sarafu. Buibui hufunika mayai yake humo. Nilijikuta nimeachia ngazi.

Bagamoyo, 2005. Nilikuwa na miaka 22 na nilijiita injinia kwa sababu nilikuwa na miksa, spika mbili na kijana wa kunibebea. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: jukwaa la mbao karibu na ufukwe, usiku mmoja, wasanii wawili. Bibi mtambaji wa hadithi, mtu wa mwambao, na mzee wa Kigogo aliyetoka Dodoma na ilimba yake. Hukwe Zawose, bingwa wa marimba hayo, alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na katika mji ule huwezi kupiga marimba ya Kigogo watu wasikusikilize kwa masikio yaliyozoea ya kwake. Mzee alilijua hilo. Alikuwa hasemi sana.

Mchana tukajaribu mitambo. Ilimba ni kisanduku cha mbao chenye vyuma vyembamba juu, unavibonyeza kwa vidole. Ile yake ilikuwa kubwa, ya kupakata. Akapiga kidogo, akaiacha jukwaani, akaenda kunywa chai. Mimi nikabaki na tatizo. Nyuma ya kila sauti kulikuwa na mkwaruzo, zzzz, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha maiki. Nikahamisha spika, nikamgombeza kijana. Mkwaruzo uko palepale. Mwishowe nikainama kwenye ilimba yenyewe, nikaona usoni pake kuna tundu, na juu ya tundu kuna kitu cheupe, chakavu, chenye vumbi. Uchafu. Nikaufuta kwa dole gumba, nikapuliza. Nikagonga chuma kimoja: ting! Safi kama glasi. Nikajisifu kimoyomoyo, nikaenda zangu kula.

Usiku watu walijaa, watoto wamekaa mchangani mbele kabisa. Bibi akapanda na khanga zake.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Akaanza ile ya ukame: mito imekauka, wanyama wamekubaliana kila mmoja aje akanyage ardhi mpaka maji yatoke, Sungura kakataa, ana udhuru. Mnaijua wote. Uzuri wake usiku ule ulikuwa kwamba nyayo za kila mnyama zingetoka kwenye ilimba. Bibi akasema, "Tembo akaja," akamgeukia mzee.

Mzee akabonyeza. Ting, ting, ting.

Akaacha. Hakukasirika, hakunitazama. Aliweka kidole kwenye tundu, taratibu, kama unavyogusa fizi palipong'oka jino. Kisha akamwinamia bibi, akamnong'oneza neno, akateremka jukwaani na ilimba yake kifuani. Nikamwona anaazima tochi kwa mlinzi.

Bibi hakutikisika hata ukope. Akapiga makofi mawili.

"Tembo akaja! Akafanyaje?"

"Akakanyaga!" watoto wakajibu.

"Maji yakatoka?"

"Hayakutoka!"

Akaja Nyati. Akaja Kifaru. Akaja Twiga, naye akaomba radhi kwanza kwa urefu wake, na radhi yenyewe ikachukua dakika mbili. Nyuma ya jukwaa palikuwa na nyumba ya zamani ya mawe, na kwenye ukuta wake, chini ya upenu, mimi nilikuwa naiona tochi. Ilitembea polepole, ikasimama, ikarudi hatua, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuna aliyenieleza, mkono wangu wenyewe ulinieleza, maana dole gumba lilikuwa bado lina vumbi jeupe kwenye ukucha. Nikalifutia kwenye suruali.

Akaja Nungunungu, akaja Kenge, akaja Kakakuona ambaye sidhani kama aliwahi kuitwa kwenye hadithi ile tangu iumbwe. Sauti ya bibi ilianza kukauka. Watoto walishagundua mchezo, wanamtajia wengine wenyewe. Bibi akawapokea wote, mpaka Kuku, mpaka Bata, naye Bata akaulizwa umefuata nini huku wakati wewe una bwawa lako.

Mzee akarudi. Akakaa. Kwenye ncha ya kidole alikuwa na kitu chepesi hata nikaogopa kupumua, nami nilikuwa mbali. Akalowesha ukingo wa tundu kwa mate, akakiweka, akakibana pembeni kwa ukucha wa dole gumba. Akapuliza kidogo kukijaribu. Bibi hakugeuka kumwangalia.

"Akabaki nani?"

"Kobe!"

"Kobe akaja..."

Na zzzz ikaja. Kila chuma na mvumo wake, ule niliouhangaikia mchana kutwa, ukatambaa chini ya hadithi na kuibeba. Bila mvumo vyuma vilikuwa vinagongwa tu. Sasa kulikuwa na mnyama anatembea, mzito, ana pumzi. Nikapandisha sauti ya miksa. Sikuwa na kingine cha kufanya.

Baadaye, nikiwa nakunja waya, nilimsogelea mzee. "Shikamoo." "Marahaba." Maneno nilikuwa nimeyapanga. Akanitangulia, huku akiifunga ilimba kwa kitambaa: "Buibui wa pwani sauti yake nyembamba. Labda chumvi." Akafunga fundo. "Wa kule nyumbani nimekaa naye miaka sita."

Nikamwambia pole. Pole ya jumla, ile anayopewa mtu yeyote. Sijui kama alijua. Bibi ndiye aliyejua, maana wakati wa kugawana ujira alinitazama vidole, siyo uso, akasema, "Mjukuu wangu, leo umenimalizia wanyama. Mimi nifike mpaka kwa Bata?"

"Baba! Nitoe?"

Nikamwambia kimoja atoe, kile cha juu ya mlango akiache. Akauliza cha nini. Nikasema cha marimba, akanitazama vile wanavyotutazama siku hizi, akashuka.

Jioni mama yake kapita na kitambaa, kakifuta.