Kebo ya dharura ya boneti kwenye gari la zamani la michezo

Boneti ya gari la zamani la michezo kwa kawaida hushikwa na kitasa kimoja, na kitasa hicho hutii waya mmoja mwembamba, ambao mara nyingi umri wake ni sawa na wa gari lenyewe. Siku waya huo ukikatika na boneti imefungwa, huwezi kupima oili, kuongeza maji wala kugusa plagi. Kinachofuata huwa ni bisibisi na vyuma vya kubanjulia, rangi inachubuka, ukingo wa boneti unapinda. Kuongeza kebo ya pili ni kazi ya mchana mmoja, na karibu kila kinachohitajika ni kipuri cha breki ya baiskeli. Kuna sharti moja tu lisilolegezwa: kebo ya dharura isichangie chochote na kebo kuu isipokuwa ulimi wa kitasa wenyewe.

Sharti hilo linaeleweka ukitazama mahali waya mkuu unapokatikia. Kwenye ulimi wa kitasa kuna kipande kidogo cha chuma chenye tundu la kupitisha waya, na juu yake skrubu inayoubana. Skrubu huusaga waya kidogo inapokazwa, na kila ukivuta, waya hupinda papo hapo penye jeraha. Uzi mmoja unakatika, kisha wa pili, hadi zinabaki mbili tatu zinazobeba kazi ya zote. Fungua boneti leo upitishe kidole taratibu mahali hapo: ukichomwa na ncha ndogo, waya umeanza kwisha. Ukiwa wa uzi mmoja mgumu, tafuta pindo kali karibu na skrubu. Wakati mwingine hakuna kilichokatika kabisa. Skrubu imelegea na waya umechomoka, au ganda la kebo limetoka kwenye kishikizo chake, hivyo ukivuta, ganda zima linasogea na ulimi hautikisiki.

Kwa hiyo mtu anayefunga kebo ya pili kwenye skrubu ileile ya kwanza hajaongeza usalama wowote. Vivyo hivyo anayeunganisha waya wa pili na wa kwanza katikati ya njia.

Kabla ya yote, tibu kitasa. Kebo ya dharura haiponyi kitasa kikavu, na kitasa kikavu ndicho kinachoua kebo kuu. Kifungue, kisafishe kwa mafuta ya taa na brashi, kikaushe, kipake grisi laini kidogo kwenye ekseli na mahali ulimi unapotelezea, kisha angalia kama springi ya kurudisha ulimi bado ina nguvu. Pini ya boneti, ile inayoingia kwenye kitasa, nayo ipimwe. Mwenzako akae ndani avute kishikio huku wewe ukibonyeza boneti chini kwa viganja. Kama inafunguka kirahisi unapobonyeza na kwa shida usipobonyeza, pini ni fupi mno: inaivuta boneti kwa nguvu dhidi ya mipira inayoiegemeza, na mzigo wote unaukandamiza ulimi. Legeza nati ya kufungia, irefushe pini nusu mzunguko, jaribu tena. Magari mengi huhitaji mzunguko mmoja au miwili tu, na kishikio kilichokuwa kigumu kinakuwa chepesi ghafla.

Mahali pa kupeleka kebo panategemea boneti inafungukia upande gani. Triumph TR6 na Datsun 240Z zina boneti yenye bawaba mbele, na kitasa kiko nyuma, karibu na kioo cha mbele. Hapo mkono hauingii kupitia grili, na ukitokea chini unakutana na injini na gia boksi. Haya ndiyo magari yanayohitaji kebo ya pili kuliko yote. Njia nzuri ni fupi: kutoka kwenye kitasa, kufuata ukuta unaotenganisha injini na abiria, kisha kupenya ukuta huo hadi ndani, upande ambao kishikio kikuu hakipo. Ndani ni pakavu, hakuna matope wala mwizi. Kwa MGB na Porsche 911 za zamani hali ni kinyume: kitasa kiko mbele, kwa hiyo kebo hushuka na kuishia nyuma ya bampa au chini ya ukingo wa mbele, mahali mkono wa mtu aliyechuchumaa unapofika bila gari kuinuliwa. Kwenye 911 jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu injini iko nyuma, na chini ya boneti ya mbele ndiko kuna betri na fyuzi.

Usiipitishe ndani ya madigadi kama kuna njia nyingine. Matope na mawe ya tairi huingia kwenye ganda, na kebo ambayo haitumiki miaka mitatu ikiwa imejaa udongo huwa ni kipande cha chuma kilichoganda.

Vifaa ni hivi: waya wa ndani wa breki ya baiskeli, usiopata kutu, unene wa milimita 1.5 au 1.6, urefu wa mita 2. Ganda la breki la milimita 5 lenye mrija wa plastiki ndani. Vifuniko viwili vya ncha za ganda. Bati la chuma la milimita 3 la kutengenezea breketi mbili. Pete ya chuma ya kuvutia kebo, yenye kipenyo cha milimita 25. Mirija miwili midogo ya shaba au alumini ya kubania waya. Raba ya tundu. Vibano vya plastiki. Usinunue waya wa gia. Ule ni mwembamba, milimita 1.1 au 1.2, na ganda lake lina nyaya zilizolala kwa urefu ambazo zinaweza kupasuka zikivutwa kwa nguvu. Ganda la breki limesokotwa kama springi iliyobanana, na limetengenezwa kwa ajili ya mkono unaobana kwa hofu. Nguvu ya namna hiyo ndiyo itakayotumika siku ya dharura.

Kilicho bora kwenye waya wa breki ni kichwa chake, ule uvimbe wa chuma uliomiminwa kwenye ncha. Hicho ndicho kinachoondoa skrubu kwenye hesabu. Toboa tundu la milimita 2 kwenye ulimi wa kitasa, pitisha waya, na kichwa kinabaki nyuma ya ulimi, hakipiti. Hakuna cha kulegea wala cha kuusaga waya. Tena kuna faida ya pili ambayo wengi hawaioni: unapotumia kebo kuu kila siku, ulimi unateleza juu ya waya wa dharura bila kuuvuta. Kebo ya dharura haitembei, hivyo haichakai.

Ondoa betri kwenye saketi kabla ya kuanza, kwa kufungua terminali iliyounganishwa na bodi. Kwenye magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na sehemu kubwa ya 1960 hiyo ni chanya, si hasi, kwa hiyo fuata waya kwa macho badala ya kutegemea mazoea. TR6 hubeba betri yake karibu kabisa na kitasa, na waya mrefu wa chuma ukiangukia terminali huku ncha nyingine ikigusa bodi, huwa mwekundu kwa sekunde chache.

Tundu kwenye ulimi litobolewe kitasa kikiwa mezani, biti ikiwa kali, drili ikizunguka polepole na tone la oili. Acha angalau milimita 4 kutoka tundu hadi ukingo. Ulimi unaozunguka kwenye ekseli, toboa mbali na ekseli kadiri nafasi inavyoruhusu, maana huko utapata nguvu zaidi kwa mvuto uleule. Kisha chukua biti nene uizungushe kwa mkono pande zote mbili za tundu ili kuondoa makali. Ukiacha makali, umejitengenezea msumeno.

Breketi ya kwanza huwekwa karibu na kitasa, milimita 40 hadi 60 kutoka kwenye ulimi, ikiwa na tundu la milimita 2.5: waya upite, kifuniko cha ganda kigome. Mstari kutoka ulimi hadi tundu hilo ufuate mwelekeo ambao ulimi huenda unapofunguka. Ukikosea kwa digrii 30 unapoteza asilimia 13 tu ya nguvu, ambayo si nyingi, lakini nusu ya mvuto inageuka kuwa ya kusukuma ulimi upande, na ulimi unaosukumwa upande hukwama. Breketi ya pili hukaa upande wa pete. Ganda lisiposhikwa kote kuwili, unavuta ganda badala ya ulimi.

Sasa njia yenyewe. Kila kona hula nguvu, na hula zaidi kuliko mtu anavyodhani. Tuseme msuguano kati ya waya na mrija ni 0.2, nawe unavuta kwa nguvu ya kilo 20. Kona zote zikijumlishwa zikawa digrii 90, ulimi unapata karibu kilo 14 na nusu. Zikiwa 180, unapata kilo 10 na nusu hivi. Zikifika 360, zinabaki chini ya 6, ambazo huenda zisitoshe kwa pini iliyokaza. Hesabu inajali jumla ya kona, kwa hiyo kuipanua kona moja hakuipunguzi jumla. Kunakopunguza ni kuchagua njia iliyonyooka. Hata hivyo usikunje ganda kwa nusu kipenyo cha chini ya milimita 75, kwa sababu ganda lililokunjwa sana hufunguka mizunguko yake na kuubana waya. Kaa mbali na ekzosi, mkanda wa feni, mhimili wa usukani, na fimbo za akselereta na klachi. Funga vibano kila baada ya sentimita 15 hadi 20, bila kuvikaza hadi ganda linyong'onyee.

Ukilazimika kutoboa ukuta, toboa milimita 10, paka rangi kwenye ukingo mbichi wa chuma ukauke, ndipo utie raba. Mara nyingi hata hakuna haja: kuna tundu la zamani lililozibwa, au raba ya nyaya yenye nafasi.

Upande wa pete, pitisha waya kwenye pete, uurudishe, bana kwa mrija wa kwanza na wa pili, ukiacha nafasi ya milimita 10 kati yao. Lakini kabla hujabana, weka ulegevu. Ulimi ukiwa umefunga kabisa, kati ya kichwa cha waya na ulimi pawe na milimita 5 hadi 8 zilizo wazi. Hapa ndipo kebo ya dharura inapoweza kuwa hatari kuliko kutokuwa nayo. Waya uliokaza huuacha ulimi nusu wazi, na huwezi kuliona hilo boneti ikishuka. Boneti yenye bawaba nyuma ikifyatuka kwa mwendo, upepo huiinua na kuibamiza kwenye kioo. Kwa sababu hiyohiyo, waya huu usiguse kabisa ndoana ya usalama, ile ya pili inayofunguliwa kwa kidole. Ndoana ibaki na kazi yake.

Kebo kuu nayo iangaliwe kwa mara ya mwisho. Kati ya mwisho wa ganda lake na ulimi, acha milimita 20 au zaidi za waya ulio wazi. Ikitokea siku moja imeganda kwa kutu badala ya kukatika, sehemu hiyo fupi itapinda na kuupisha ulimi unapovuta kebo ya dharura. Bila hiyo, waya mgumu ulioganda unaweza kuushikilia ulimi usisogee.

Majaribio yote hufanywa boneti ikiwa wazi. Sukuma mti wa bisibisi nene ndani ya kitasa mahali pini inapoingia, mpaka usikie ulimi umeshika. Vuta kebo kuu, bisibisi itoke. Rudia mara kumi. Fanya vivyo hivyo kwa ya dharura. Kisha legeza kabisa skrubu ya kebo kuu na ujaribu ya dharura peke yake mara kumi nyingine, huku ukibonyeza bisibisi upande ili kuiga boneti iliyokaa vibaya. Jaribio hili la mwisho ndilo linalosema ukweli. Ulimi ukirudi kivivu baada ya kuachia pete, ganda limekunjwa mno au springi imechoka. Rekebisha hapo hapo, usiseme italegea yenyewe.

Mara ya kwanza kufunga boneti, ifunge pini ikiwa imeondolewa, uone kama breketi mpya inagusa chochote. Donge la udongo wa mfinyanzi juu ya breketi litakuonyesha nafasi iliyobaki. Zikiwa angalau milimita 5, rudisha pini, kaza nati, funga, na ufungue kwa kebo ya dharura kwanza.

Baada ya hapo vuta pete hiyo kila unapobadilisha oili, na udondoshee waya oili nyepesi kidogo. Mahali pete ilipo paandikwe kwenye karatasi inayokaa pamoja na kitabu cha gari ndani ya kisanduku cha dashibodi, kwa faida ya fundi atakayelikuta gari wewe haupo.