Nilivyoipoza seva ya akili mnemba

Kila niliyemuuliza alinipa jibu lilelile: ongeza kiyoyozi. Nikaongeza cha tatu, milioni mbili na ushee zikaondoka, na seva ikaendelea kuchemka. Bado nina hasira.

Seva yenyewe, yaani kompyuta kubwa ya kazi nzito, ni ya mteja wetu, anafundishia modeli ya kutambua Kiswahili cha kuzungumzwa. Ina kadi nane za Nvidia H100, chipu zinazofanya hesabu za akili mnemba. Kadi moja hula hadi wati 700, na seva nzima, pamoja na feni na vipuri vingine, huweza kupita kilowati 10. Umeme huo karibu wote hugeuka joto, kama birika tano zinazochemka usiku na mchana. Chumba chetu cha seva hapa Dar kilijengwa kwa raki, yaani makabati ya kupangia seva, za kilowati nne, tano.

Kilichonisumbua ni hiki: mlangoni kipimajoto kinasoma nyuzi 19, mbele ya seva 34. Baridi ipo, joto linatoka wapi? Kadi zikipata moto hujipunguzia kasi zenyewe, na mteja alikuwa ananipigia kila asubuhi.

Saa nane usiku nikachana tishu vipande vyembamba, nikavining'iniza kwa selotepu mbele ya kila nafasi tupu kwenye raki. Feni zilipopandisha mvumo, vipande vyote vikanyooka kunielekea mimi, vinapepea kama bendera. Nikaweka kiganja: upepo wa moto! Hewa iliyotemwa nyuma ilikuwa inapenya kwenye mianya, inarudi mbele na kuvutwa tena. Viyoyozi vilikuwa vinapoza ukuta.

Asubuhi nikaenda Gerezani, fundi bati akanikatia vibati vya kuziba mianya yote kwa hela ya kawaida tu. Usizibe kwa kadibodi, inashika moto. Nyuma ya raki nikashusha mapazia mazito ya plastiki, yale ya milango ya vyumba vya baridi vya samaki, joto lisichanganyike na baridi. Jioni ile mbele ya seva palisoma 24. Kiyoyozi cha tatu nimekizima.

Sasa mteja anaulizia raki mpya za kadi 72. Moja hula kama kilowati 120. Huko hewa haitoshi tena, maji hupitishwa kwa mabomba hadi juu ya chipu. Nimemwambia wazi chumba hiki hakiwezi, na kwenye jengo jipya mabomba yachorwe kwenye ramani kabla zege halijamwagwa.