Kobe wa Mama: kumbukumbu ya ukarabati wa Volkswagen ya 1968

Mwezi wa kwanza

Mama yangu alijifunzia kuendesha kwenye Volkswagen Beetle, na ndilo gari pekee lililowahi kuandikwa kwa jina lake. Nyumbani tulikuwa tukiliita Kobe. Aliliuza nikiwa na miaka tisa, akatuambia limechoka. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba fedha zile ndizo zilizotulipia ada.

Nilianza kwa kulitafuta gari lenyewe. Kadi yake ya zamani bado iko kwenye bahasha ya vyeti vya Mama, nikanakili namba ya chasisi bila yeye kujua. Nikafuata wanunuzi wake mmoja baada ya mwingine, hadi wa tatu aliponieleza kuwa lilishakatwa likauzwa kama chuma chakavu. Siku hiyo sikugusa kazi nyingine yoyote.

Jioni nikaitazama tena ile namba. Inaanza na 118. Kwenye Beetle za miaka ile 11 ni aina ya gari, na 8 ni mwaka wa modeli, yaani 1968. Kiwanda kilikuwa kikifungua mwaka wa modeli mwezi Agosti, kwa hiyo gari lililotoka mwishoni mwa 1967 tayari lilihesabiwa la 1968: taa za mbele zimesimama wima, bampa zimepandishwa juu, umeme ni wa volti 12. Basi, kama la kwake halipo, nimtafutie ndugu yake wa tumbo moja.

Mwezi wa tatu

Nimekagua magari manne. Nawaandikia ninavyokagua, kwa sababu mambo haya mawili yameniokoa na hasara.

Kwanza, inua kiti cha nyuma. Namba ya chasisi imegongwa pale juu ya mgongo wa katikati, kwa hiyo unailinganisha na kadi palepale. Betri nayo inakaa hapo chini, upande wa kulia, na tindikali yake ikivuja miaka na miaka inakula bati la sakafu. Gari la pili nililoliona lilikuwa na zulia jipya zuri. Nilipolifunua nikaona majani yaliyoota chini ya gari.

Pili, zima injini, shika puli kubwa ya chini kwa mikono miwili, uivute na kuisukuma. Kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, inatakiwa icheze kwa milimita 0.07 hadi 0.13 tu, kiasi ambacho mkono hauwezi kukisikia. Ukisikia “ko, ko”, ujue injini inataka kufunguliwa yote. Aliyeniuzia hili la nne aliapa kwamba injini haijawahi kuguswa. Puli iligonga kama mlango unaobishwa. Nimelinunua hivyohivyo, kwa sababu namba inaanza na 118 na bati la paa ni zima, na paa ndilo ninaloliogopa kuliko injini.

Mwezi wa tano

Kutu. Mwezi mzima ni kutu.

Bodi ya Beetle imekaa juu ya sakafu na kufungwa kwa bolti kuzunguka pembeni. Chini ya milango kuna mabomba mapana ya bati yanayopitisha hewa ya moto kwenda mbele, na hayohayo ndiyo yanayoibeba bodi. Ya kwangu yalikuwa yamebaki maganda. Nikalikata la kushoto kabla ya kuchomelea vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango. Usiku ule sikuona tofauti. Asubuhi mlango wa kushoto haukufunga: ulikuwa umepishana na nguzo yake kwa upana wa kidole. Bodi ilikuwa imekaa chini kwa uzito wake yenyewe.

Fundi wa bodi ninayefanya naye kazi hakusema neno. Alileta jeki mbili na kipande cha mbao, akainua taratibu, robo mzunguko kwa robo mzunguko, huku akifungua na kufunga mlango kila mara kwa vidole viwili. Ulipotoa ule mlio wake mzito, akaniambia nichomelee sasa. Imetugharimu siku sita. Wewe unayesoma, chomelea vyuma kwanza, pande zote mbili, ndipo ushike msumeno.

Vipuri havijanisumbua sana. Magari 21,529,464 ya aina hii yalitengenezwa, na la mwisho lilitoka Mexico tarehe 30 Julai 2003, kwa hiyo bati za sakafu, nyaya, mipira na sili bado zinatengenezwa. Kilichonipa kazi ni kutofautisha bati nene na lile linalopinda kwa kidole gumba.

Mwezi wa saba

Injini iko mezani, ni ile ya 1300, na inainuliwa na watu wawili. Silinda namba tatu ndiyo iliyochoka zaidi, kama nilivyotarajia. Kwenye injini za miaka hiyo kipoza oili kimesimama ndani ya mkondo wa hewa inayoelekea silinda hiyo, kwa hiyo inapata hewa iliyokwisha kupashwa moto. Valvu yake ya ekzosi ilikuwa imeanza kuungua ukingoni. Nimeweka silinda na pistoni mpya zote nne, beringi mpya za kranki, na vile vijisahani vitatu vya nyuma ya gurudumu zito vinavyopima mchezo wa kranki. Nilivipanga mara tano. Kipimo cha mwisho ni 0.10. Valvu nimezipa nafasi ya 0.15, injini ikiwa baridi kabisa.

Mipira yote ya petroli nimeitupa. Inapita karibu na distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche, na iko juu ya injini ya moto. Ukipasuka mmoja, gari linateketea. Hili silifanyii ubahili hata kidogo, kwa kuwa atakayekaa mbele ni Mama.

Na hapa niseme jambo linaloniongoza tangu mwanzo. Wapo wanaokarabati gari ili lishindane na siku lilipotoka kiwandani. Mimi nalikarabatia mtu mwenye miaka sabini na moja na goti la kushoto linalouma. Pedali za Beetle zinaota kutoka sakafuni, na klachi inavutwa kwa waya unaopita ndani ya bomba linalopinda kidogo karibu na gia. Mpindo huo ukizidi au ukipungua, klachi inatetemeka au inakuwa nzito. Nimeubadilisha waya, nimeupaka grisi, nimeurekebisha mpindo, kisha nikaikanyaga pedali mara hamsini kwa mguu wa kushoto nikiwa nimekaa bila kuegemea. Mara ya arobaini paja lilianza kuchoka. Nikafungua tena. Sasa hamsini zinapita.

Mwezi wa tisa

Rangi. Picha tuliyonayo ni nyeusi na nyeupe: Mama ameegemea madigadi, mkono mmoja juu ya bonneti, amefunga kitambaa kichwani. Nilimuuliza kama kwa kupitisha muda tu, “Mama, hivi Kobe alikuwa buluu ya namna gani?” Akafikiri kidogo. “Buluu isiyopiga kelele.”

Gari langu lilikuwa jeupe, na chini ya nyeupe palikuwa na nyekundu. Nikaingia nyuma ya dashibodi, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupuliza rangi ya pili, nikafuta vumbi kwa kitambaa chenye mafuta. Ikatokea buluu iliyopoa, yenye ujivu kwa mbali. Nimeilinganisha na jedwali la rangi za 1968: L639, Zenith Blue. Sijui neno lipi la Kiswahili lingeieleza vizuri kuliko lile la Mama. Imepulizwa wiki iliyopita.

Mwezi wa kumi

Jana Kobe ameguruma. Sekunde tatu za staata, akakohoa, akatulia. Nilizima baada ya dakika ishirini nikakaza upya kila nati.

Wiki hii nashughulika na viti. Ndani ya vile vya zamani, juu ya springi, kuna godoro la nywele za farasi na usumba wa nazi, na ndilo linaloyapa magari haya harufu yake. Sponji ya kisasa ni laini na rahisi kukata. Nimelitumia godoro la zamani kwa kiti cha dereva, nikalipiga vumbi, nikalianika siku mbili, nikaongeza sponji nyembamba upande wa mgongo tu.

Jana usiku nilipita kwa Mama moja kwa moja kutoka kazini. Alinikumbatia, akaniachia, akanivuta tena na kunusa bega la shati.

“Unashinda kwenye Volkswagen ya nani?”

Nikamwambia ni ya rafiki yangu, namsaidia viti. Akanitazama kwa muda, kisha akaendelea kupanga vikombe.

“Mwambie huyo rafiki yako asiisahau tairi ya spea,” akasema akiwa amenipa mgongo. “Maji ya kuoshea kioo yanasukumwa na upepo wa spea. Ikipungua, utabonyeza mpaka uchoke, hakitoki kitu.”

Asubuhi ya leo nimefungua bonneti nikaipima. Haikuwa na upepo.